Kupogoa Miche ya Matunda Kabla ya Kuipanda



Kwa kuwa wengi wenu mnapanda michungwa na miembe katika nafasi za mikarafuu iliyokufa, yafaa tutazame kazi hiyo ifanywavyo ng'ambo, Kibiti na kwenye delta ya Rufiji. Nchi ile ina ardhi za namna mbili. Juu, penye mikorosho, ni mchanga usiokaa na maji. Chini, kuelekea mikoko, ni tope ambalo mto hulifunika wakati wa mafuriko, kama ulivyofanya mwezi wa Aprili 2024. Mche usiotengenezwa vizuri hauna raha huko juu wala chini.

Sababu ni hii. Mche uking'olewa, mizizi myembamba hukatika, nayo ndiyo inywayo maji. Majani hubaki yote, na kila jani hutoa maji hewani mchana kutwa. Ni kama wageni ishirini na mtungi mmoja. Katika mchanga wa Kibiti mche wa namna hiyo hunyauka upesi, na mwenyewe husema mbegu ilikuwa mbaya. Basi, mche uliong'olewa chini ya mwembe au mchungwa uondolewe majani theluthi moja hata nusu. Kata jani nusu kwa mkasi, usilinyofoe, maana ukilinyofoa utachubua ganda la shina.

Mche uliokuzwa katika kiriba ni habari nyingine. Mizizi yake haikukatika, kwa hiyo majani yaachwe. Tazama chini ya kiriba: mche uliokaa mno kitaluni huwa na mzizi mkuu uliojizungusha kama kamba. Mzizi huo haujinyooshi wenyewe ardhini. Kata sehemu ya chini ya donge la udongo, vidole viwili hivi, pamoja na huo mviringo. Mti uliopandwa na mviringo wake waweza kustawi miaka kadhaa, kisha upepo wa kusi ukauangusha.

Sasa tuje kwenye jambo linalowagharimu watu zaidi. Mchungwa wa kubebeshwa aghalabu umebebeshwa juu ya shina la mlimau, kwa kuwa mlimau una mizizi yenye nguvu. Chini ya kiungo mlimau huo hutoa maotea yake, yaliyonyooka na yenye miiba, nayo hukua kwa haraka kuliko mchungwa wenyewe. Mpandaji hufurahi kuona mti umechangamka. Baada ya miaka mitatu au minne huchuma malimau, na mchungwa aliolipia umekwisha kufa kwa kivuli. Kila chipukizi lililo chini ya kiungo liondolewe mpaka shinani kabla mche haujaingia shimoni. Ndivyo ilivyo kwa mwembe na mkorosho pia.

Mchungwa ukatwe kichwa kwenye urefu wa sentimeta 60 hadi 75, juu kidogo ya jicho, ili utoe matawi matatu au manne pande zote. Mwembe usiukate kichwa siku ya kupanda. Ngoja ushike ardhi na kutoa majani mapya. Mwembe na mkorosho wa kubebeshwa hupenda kutoa maua ungali mdogo. Maua hayo yang'oe bila huruma, ingawa najua mkono huwa mzito.

Katika tope la delta, pandeni juu ya tuta, na kiungo kibaki juu kabisa ya udongo. Mchungwa ambao kiungo chake kimefukiwa penye maji huoza ganda na kutoa gundi. Hata hapa visiwani, wenye mashamba ya mabondeni washike hilo.

Kisu kiwe kikali, nacho kipitishwe motoni au kipanguswe kwa spiriti kutoka mche hadi mche. Kazi ifanywe jioni, mvua za masika zikisha kushika.

Mkarafuu haumo katika habari hii. Mzizi wake ni mwororo na hauvumilii kuguswa. Upandeni na donge lake zima, bila kukata kitu, na mwuwekee kivuli.

Baada ya kupanda, piteni shambani kila wiki mbili kwa miezi sita ya kwanza. Maotea machanga hutoka kwa kidole tu. Yakikomaa yataka msumeno.