Mtoto anakwenda fildi ustawi wa jamii: nani ameandika atajifunza nini?

Msimu wa fildi unapokaribia, wazazi wengi wa Kahama, Geita na Shinyanga mjini hushika simu. Anatafutwa shemeji aliyeko halmashauri, mwalimu mstaafu anayefahamiana na wakubwa, muumini mwenzao ambaye mkewe yuko hospitali ya wilaya. Wanachotaka ni kimoja: kijana anayesoma ustawi wa jamii Dar es Salaam au Mwanza apate nafasi ya mafunzo kwa vitendo karibu na nyumbani, alale kwao, ale ugali wa kwao, nauli isimsumbue.

Hesabu hiyo inaeleweka. Fedha za mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo hazimfikii kila mwanafunzi, na mwenye nyumba wa Geita mjini hataki kusikia habari za mkopo. Shida ni kwamba simu zikishajibiwa na barua ikigongwa muhuri, wengi huona kazi imekwisha. Kijana atajifunza nini, atafanya nini na nini hatakiwi kukigusa, hayo yanaachwa mpaka siku anaporipoti. Siku hiyo anaonyeshwa kiti pembeni ya kabati la mafaili.

Kuanzia hapo mambo mawili yanaweza kutokea, na yote si mazuri.

La kwanza wazazi wanalijua. Kijana anatumwa kutoa nakala, kununua maji, kupanga mafaili. Au anahamishiwa meza ya jirani, Maendeleo ya Jamii, ajaze fomu za vikundi vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Ni kazi halali na yenye faida kwa wananchi, lakini si ile aliyoisomea. Ofisi hizi mbili huchanganywa mno, hata na wazazi. Maendeleo ya Jamii hushughulika na vikundi na miradi. Ustawi wa Jamii hukaa na mtu au familia yenye shida: mtoto aliyetelekezwa, mzee asiye na wa kumtunza, mama anayedai matunzo ya mwanawe, mgonjwa asiyeweza kulipia matibabu.

La pili halisemwi sana, nalo ndilo la kuogopesha. Kata nyingi hazina ofisa ustawi wake, na aliyeko makao makuu ya halmashauri leo yuko mahakamani, kesho yuko kijijini. Mama anaingia na binti wa miaka 13 anayelia. Ofisini yupo mwanafunzi wa fildi peke yake, ana miaka 21, amevaa kitambulisho shingoni. Kwa mama yule, huyo ndiye serikali. Kijana anaanza kuuliza maswali kwa nia njema kabisa, na binti anasimulia. Kisha atasimulia tena Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na tena hospitalini. Kila mara anafungua kidonda kilekile, na swali lililoulizwa vibaya mara ya kwanza linaweza kuiharibu kesi baadaye. Jioni baba wa binti anapiga simu kwamba familia zimeshaelewana, ng'ombe wanaletwa, faili lifungwe. Mwanafunzi amjibu nini?

Ofisi ya ustawi katika ukanda huu haina kesi nyepesi za kujifunzia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010, kabla Geita na Simiyu hazijawa mikoa, uliikuta Shinyanga ikiongoza nchini kwa ndoa za utotoni: wanawake 59 kati ya kila 100 wenye miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto kwenye machimbo madogo ya dhahabu, baada ya kutembelea maeneo ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Liliwakuta watoto wakishuka kwenye maduara, wakiponda mawe, wakichanganya zebaki kwa mikono mitupu. Mwanafunzi anayekuja fildi hapa anaingia katikati ya mambo hayo, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeyaweka mikononi mwa ofisa ustawi wa halmashauri. Haikuyaweka mikononi mwa mwanafunzi.

Ndiyo maana vyuo huwa na fomu ya malengo ya kujifunza, ijazwe na watu watatu: mwanafunzi, msimamizi wa ofisini na mhadhiri. Kwa bahati mbaya wengi huijaza wiki ya mwisho, pamoja na daftari la kazi za kila siku, usiku mmoja kabla mhadhiri hajafika. Lengo linaloandikwa huwa la namna hii: “Kujifunza kazi za ustawi wa jamii.” Lengo kama hilo halipimiki, na wala halimlindi mtu.

Lengo lenye maana lina kazi inayoonekana, tarehe na mtu wa kukagua. Kwa mfano: “Hadi mwisho wa wiki ya tatu niwe nimekaa pembeni kwenye mashauri matano ya matunzo ya mtoto bila kuongoza maswali, na nimeandika muhtasari wa mawili, msimamizi akausoma na kunirudishia na maoni.” Wiki zinazofuata anaweza kuuliza yeye, ofisa akiwa amekaa naye. Wiki za mwisho anaweza kufanya ziara ya ufuatiliaji nyumbani kwa mzee anayejulikana na ofisi, kisha aandike ripoti. Kwanza anaangalia, halafu anafanya pamoja na mkubwa, halafu anafanya akiangaliwa. Fundi cherehani hampi mwanafunzi wake kitambaa cha harusi siku ya kwanza.

Karatasi hiyohiyo iseme pia yasiyoruhusiwa. Asimhoji peke yake mtoto anayedaiwa kufanyiwa ukatili. Asipokee fedha wala zawadi, hata kuku. Asitoe namba yake binafsi kwa walalamikaji. Asipige picha. Akikutana na jambo la dharura msimamizi hayupo, iwe imeandikwa amwite nani, kwa jina na namba ya simu. Kukaa kimya si ruhusa: Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii anayejua mtoto anaonewa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji, na mwanafunzi naye ni mwanajamii.

Msimamizi naye ana deni, na hapa wanafunzi wengi huona aibu kudai. Saa moja kwa wiki ya kukaa wawili, mlango umefungwa, kuzungumza kesi alizoziona na alivyojisikia, si fadhila. Kijana aliyemwona mtoto aliyeunguzwa mikono kwa kuiba mia tano hawezi kwenda nayo nyumbani akalala.

Kwenye machimbo tahadhari iwe kubwa zaidi. Nyarugusu, Rwamgasa au Kakola si mahali pa kupanda bodaboda peke yako ukauliza nani ameajiri watoto kwenye karasha. Mwenye karasha atataka kujua umetumwa na nani, na ana haki ya kuuliza. Mwanafunzi aende na ofisa, akiwa na barua, kupitia kwa mtendaji, na arudi mapema. Mzazi anayesikia mwanawe amepangiwa “kutembelea mwalo” ana haki ya kuuliza ataongozana na nani.

Lugha nayo iingie kwenye malengo. Aliyekulia Dar es Salaam akipelekwa Kishapu atakutana na bibi anayezungumza Kisukuma tu. Mkalimani wa haraka huwa ni jirani, na mara nyingine jirani huyo ndiye anayelalamikiwa. Kujua namna ya kumtafuta mkalimani asiyehusika na shauri ni somo kamili, na halimo darasani.

Sasa ule ugali wa nyumbani. Kijana akifanya fildi kwenye mji aliozaliwa, faili analolifungua linaweza kuwa la mama anayeuza mboga mlangoni kwao, la mwalimu wake wa zamani, la binamu. Usiku, chakula kikiwa mezani, mama anauliza kwa upole tu: “Nimemwona mke wa fulani ametoka ofisini kwenu leo, kuna nini?” Kwa mama ni mazungumzo ya kawaida, lakini kwa mke wa fulani ni jambo zito. Habari ikifika kisimani kesho, hatarudi ofisini, na mtoto aliyekuwa anadaiwa matunzo atabaki hivyohivyo. Wakati mwingine anapigwa kwa sababu alisema.

Mahakama ya Watoto husikiliza mashauri faragha, na mezani kwa familia kunahitaji faragha hiyohiyo. Wazazi waliokubali kumpokea mtoto wao wa fildi nyumbani wamepokea na siri za watu, watake wasitake. Afadhali wamwambie siku ya kwanza kwamba hawatamuuliza, na akikutana na faili la ndugu au jirani amwambie msimamizi wake apewe mtu mwingine. Hilo nalo liandikwe. Kwa baadhi ya vijana ni bora wapangwe wilaya ya pili, hata kama chumba kitagharimu.

Kwa wazazi wanaodhani haya ni urasimu wa wasomi: Marekani mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya fani hii lazima atimize saa zisizopungua 400 za kazi kwa vitendo, na Uingereza anahesabiwa siku 200, zikiwemo chache za mazoezi ya stadi. Hapa Tanzania, ambako Taasisi ya Ustawi wa Jamii ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, wiki za fildi zinahesabika. Wiki mbili zikipotelea kwenye kutoa nakala, pengo lake ni kubwa.

Wapo wanaopangwa kwenye vituo vya watoto. Shinyanga inakijua vizuri kituo cha Buhangija, kilichopokea watoto wenye ualbino walipokuwa wakiwindwa. Mtoto aliyetenganishwa na wazazi wake humzoea haraka dada au kaka wa fildi anayemsikiliza, na wiki ya mwisho ndiyo ngumu. Malengo mazuri huanza kuipanga mapema. Mwanafunzi amwambie mtoto tangu wiki za mwanzo siku atakayoondoka, asiahidi kurudi kama hajui, amtambulishe kwa mlezi atakayeendelea naye, akabidhi kwa maandishi kila jambo aliloanza. Namba za simu za watu aliowahudumia azifute kwenye simu yake kabla ya kupanda basi.