Utafiti ‘umebaini’? Uulize kwanza ulibainije

Katika miaka ya 1990, baadhi ya familia za Kimaasai huku Kajiado ziliombwa kufanya jambo dogo sana: kutia maji ya kunywa ya watoto katika chupa za plastiki zinazopenya mwanga, kisha kuziweka juu ya paa zipigwe na jua. Familia jirani zilipewa chupa kama hizo, ila zikaambiwa ziziweke ndani ya nyumba. Watafiti wakawa wanapita kila baada ya wiki mbili kuuliza swali moja kuu: je, mtoto ameharisha?

Jaribio hilo lilikuwa la Ronán Conroy na wenzake wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha Ireland, jijini Dublin. Matokeo ya kwanza, yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1996, yalihusu watoto 206 wa umri wa miaka 5 hadi 16 waliofuatiliwa kwa wiki 12. Ya pili yalitoka mwaka 1999, na safari hii waliangaliwa walio hatarini zaidi: watoto 349 ambao hawajatimiza miaka 6, kwa mwaka mzima. Huenda wakazi wengi wa mji wetu wa Kitengela, hapahapa Kajiado, hawajawahi kulisikia jaribio hilo, ingawa lilifanyika katika kaunti yao wenyewe. Nalileta hapa kwa kuwa simu zetu zimejaa habari zinazoanza na “utafiti umebaini”, na sijaona mfano bora wa kumfundisha msomaji kuzichambua.

Sayansi ya chupa zenyewe ni nyepesi. Mwale wa jua usioonekana kwa macho huharibu chembe hai za vijidudu, na maji yakipata joto la kutosha, joto na mwale husaidiana kuua. Chupa iwe safi na isiyo na rangi, maji yawe maangavu, nayo ikae juani kwa saa 6 hivi. Mbingu zikifunga mawingu, siku 2. Maji ya silanga yenye tope yanahitaji kuchujwa kwanza, maana mwale haupenyi matope. Maabara ilikwishathibitisha hayo. Ambalo maabara haikuweza kusema ni iwapo mtoto wa Kajiado, anayecheza na mbuzi na kunywa popote penye maji, ataugua kwa nadra zaidi.

Basi tuziangalie tarakimu za ripoti ya mwaka 1999. Katika kipindi chochote cha wiki mbili, ugonjwa wa kuhara uliripotiwa kwa asilimia 58.1 ya watoto waliokunywa maji yaliyokaa ndani. Kwa waliokunywa maji ya juani, ilikuwa asilimia 48.8. Hapo mwandishi huwa na vichwa vitatu vya habari mkononi. Anaweza kuandika kwamba jua limepunguza kuhara kwa asilimia 16, kwa sababu 48.8 ni pungufu ya 58.1 kwa kiasi hicho. Anaweza kuandika kwamba limepunguza kwa pointi 9.3. Au anaweza kuandika kwamba hata baada ya kuanika chupa, karibu nusu ya watoto bado waliharisha kila wiki mbili. Vyote vitatu ni kweli tupu. Cha kwanza humpendeza mfadhili. Cha tatu ndicho ambacho ningependa mama aambiwe, ili asije akadhani chupa imemaliza kazi ya sabuni na choo. Ukiona asilimia moja pekee kwenye habari ya afya, tafuta ile nyingine: asilimia ngapi ya nini, kutoka ngapi hadi ngapi?

Kuna tarakimu nyingine katika ripoti hiyo ambayo wasomaji huipita. Watafiti wanasema walifanya ziara 8,705. Piga hesabu: watoto 349, kila mmoja atembelewe mara 26 kwa mwaka, ni ziara 9,074. Maana yake karibu ziara 96 katika kila 100 zilifanyika. Kwa jamii ya wafugaji inayohama kufuata malisho, huo ni uangalifu wa hali ya juu, na ndio unaonifanya niyaamini matokeo kuliko ile asilimia yenyewe. Lakini usidanganyike kwa ukubwa wa namba. Ziara 8,705 si watoto 8,705. Mtoto aliyeharisha wiki hii ana uwezekano mkubwa wa kuharisha wiki ijayo, na ndugu yake wanayelala kitanda kimoja vilevile. Utafiti unaojisifu kwa “majibu maelfu” upimwe uzito wake kwa swali moja: watu ni wangapi, na nyumba ni ngapi?

Nyumba ziligawanywaje? Moja juani, inayofuata kivulini, hivyo hivyo hadi mwisho. Ni njia rahisi shambani, na ina ufa wake: anayegawa anajua mapema nyumba ijayo itaangukia wapi, kwa hiyo akitaka kumpendelea jirani, anaweza. Kurusha sarafu, au orodha iliyochanganywa na kompyuta na kufungiwa mbali, huziba ufa huo. Kisha kuna jambo ambalo halina dawa kabisa. Mama anajua chupa yake iko juu ya paa au iko ndani. Aliyeambiwa kwamba jua huua vijidudu hutarajia nafuu, na anayetarajia nafuu husahau kuhara kudogo kwa Jumanne iliyopita. Kidonge unaweza kukifananisha na kidonge bandia asijue mtu. Paa hulifananishi.

Halafu kipindupindu kikaja. Mlipuko ulizuka katika eneo lilelile la jaribio muda mfupi baada ya jaribio kumalizika, na mwaka 2001 watafiti wakachapisha kilichotokea katika nyumba 131, ambazo 67 kati yake zilikuwa za kuanika chupa. Miongoni mwa watoto 155 wa chini ya miaka 6 waliokunywa maji ya juani, waliougua walikuwa 3. Miongoni mwa 144 wa kundi linganishi, waliougua walikuwa 20. Hapa huhitaji shahada ya takwimu. Kama jua lisingekuwa na kazi yoyote, bahati peke yake ingewagawa wagonjwa 23 kwa namna hiyo chini ya mara 1 katika majaribio 1,000. Hiyo ndiyo maana ya watafiti wanaposema matokeo “si ya kubahatisha”. Hawasemi kwamba ni makubwa, wala kwamba ni muhimu, wanasema tu kwamba bahati si maelezo ya kuridhisha.

Ila ripoti hiyohiyo inasema jambo la pili, na msambazaji wa habari za WhatsApp huliacha: kwa watoto wakubwa na watu wazima wa nyumba hizohizo, chupa hazikuleta tofauti ya maana. Kwa nini? Tarakimu zinanyamaza hapo. Ukitaka jibu, itakubidi uamke alfajiri umfuate kijana anayepeleka ng’ombe kunyweshwa. Utaona kwamba kiu inamkuta kilomita nyingi kutoka kwenye paa la mama yake, na kwamba anakunywa mifugo inakonywa. Baba naye yuko sokoni au kwa jirani, kikombe ni cha mwenyeji. Mtoto wa miaka 3 hana safari hizo; maji yake ni ya nyumbani. Ni maelezo yenye mantiki, lakini yanabaki kuwa dhana mpaka mtu aende akatazame na kusikiliza.

Kazi hiyo ya kutazama na kusikiliza ndiyo utafiti wa kimaelezo, na wengi wetu hatuuheshimu. Ule wa kiidadi huuliza ni wangapi na kwa kiasi gani. Wa kimaelezo huuliza kwa nini, kwa njia gani, na mhusika mwenyewe analionaje. Kosa la kawaida ni kuupima wa pili kwa rula ya wa kwanza: “Mmehoji watu 25 tu!” Watu 25 wanatosha ikiwa mahojiano ya mwisho hayaleti jambo jipya ambalo ya kwanza hayakulileta. Lawama za haki ni nyingine. Wahojiwa walichaguliwa na nani? Mara nyingi mtafiti hufikia kwa chifu au kwa shirika, naye huletewa walewale wanaoitwa kila siku, wanaojua majibu yanayotakiwa na nauli inayotolewa. Nani alitafsiri? Je, ripoti imewapa nafasi waliopinga, au imedondoa wale tu waliosema anachotaka mwandishi? Ripoti isiyo na sauti hata moja ya kupinga hunitia shaka papo hapo.

Jaribio la chupa lilikuwa na uamuzi mmoja wa busara upande huu: liliendeshwa kwa Kimaasai, na wazee wa jamii wenyewe. Bila wao pengine zile ziara zisingefika hata nusu. Lakini mchambuzi makini atauliza hata hapo. Mke kijana, mbele ya mzee anayeheshimiwa na boma zima, atasema “sikuanika chupa wiki hii”? Adabu yetu haimruhusu kumvunja moyo mgeni, seuze mzee. Heshima ileile iliyofungua mlango inaweza kuufunga mdomo.

Ndiyo maana inafaa kuangalia jua limefanyaje kwingine. Nchini Bolivia, jaribio katika jamii 22, lililochapishwa mwaka 2009, halikupata ushahidi wenye nguvu kwamba njia hiyo inapunguza kuhara kwa watoto. Waliopima matumizi waligundua kwamba ni kama theluthi moja tu ya familia zilizokuwa zikianika chupa. Kwetu, jaribio kubwa katika kaunti za Bungoma, Kakamega na Vihiga, lililochapishwa mwaka 2018, liliandikisha zaidi ya wajawazito 8,000 na kujaribu klorini, vyoo, kunawa mikono na lishe. Hakuna hata kimoja kilichopunguza kuhara kwa watoto wao. Klorini haikuacha kuua vijidudu. Swali ni iwapo inatiwa, na vijidudu vinaingia kwa njia ngapi nyingine. Kwa maoni yangu, ukiwekwa pamoja na majaribio haya mawili, ushahidi wa Kajiado unasema hivi: chupa juani inafaa kwa mtoto mdogo wa boma lisilo na kuni za kutosha wala dawa ya maji, mradi ianikwe kila siku. Anayedai zaidi ya hapo anakuuzia kitu.

Kuna maswali ambayo tarakimu huyabeba vibaya tangu mwanzo. Chukua ukeketaji, jambo linaloihusu sana kaunti hii. Takwimu za kitaifa zinasema wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa walikuwa asilimia 21 mwaka 2014, wakawa asilimia 15 mwaka 2022. Hakuna aliyepimwa, waliulizwa, wakajibu. Na tangu sheria ya mwaka 2011, tendo hilo lina adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 3, au faini, au vyote viwili. Ukimuuliza binti swali ambalo jibu lake linaweza kumpeleka mama yake gerezani, usishangae jibu. Waliokaa vijijini wakasikiliza ndio walioeleza namna tendo hilo linavyohamia gizani: wasichana wadogo zaidi, bila sherehe, wakati mwingine kwa mkono wa mhudumu wa afya. Simaanishi kwamba tarakimu ni za uongo. Nasema zisomwe pamoja na hizo sauti.

Kitengela ina mitego yake. Mtafiti mwenye tableti anabisha kwenye ploti saa nne asubuhi, siku ya kazi. Nani yuko nyumbani? Wafanyakazi wa viwanda vya EPZ Athi River walishaondoka kabla hakujapambazuka, wanaopanda matatu za Nairobi nao vivyo hivyo. Atahesabu wenye watoto wachanga, wasio na kazi na wastaafu, kisha aandike “wakazi wa Kitengela wanasema”. Akiuliza kuhusu maji, atapata jibu moja kwa anayenunua mtungi wa lita 20 kwa mkokoteni na jingine kwa mwenye kisima chake, na kama sampuli yake imekusanywa upande mmoja wa barabara ya Namanga, hatajua alichokosa. Tena maji ya visima vya huku yana chumvi, na floridi pia, ambayo Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Jua haliondoi floridi. Kuchemsha nako hakuiondoi. Utafiti unaopima vijidudu pekee ukatangaza maji ni “salama” umejibu nusu ya swali.

Siku mtafiti atakapobisha kwako, mkaribishe, maana bila majibu yetu hakuna sera ya afya. Lakini kabla hujajibu, omba kuona kibali chake cha tume ya sayansi, NACOSTI, na idhini ya kamati ya maadili. Muulize kwa nini amekuchagua wewe na si jirani, na majibu yako yatafichwaje. Una haki ya kukataa swali lolote na kuacha wakati wowote. La mwisho, mwambie akupe tarehe ambayo matokeo yatarudishwa mtaani, kwa lugha unayoielewa, na uiandike mbele yake.