Pasipoti mpya ughaibuni: usisahau kuhamisha kibali

WAFANYABIASHARA wa Kitanzania wanaonunua pampu za maji, vipuri na mashine za kukoboa mpunga huko Guangzhou, China, baadhi yao wanaishi huko huko kwa kibali cha ukaazi. Tarehe ya mwisho ya kibali wanaikumbuka. Wanachosahau ni kwamba kibali kimebandikwa ndani ya pasipoti, na pasipoti nayo ina mwisho wake.

Pasipoti ikibadilishwa, namba nayo hubadilika. Sheria ya China iliyoanza kutumika Julai 1, 2013 inamtaka mgeni ambaye taarifa za kibali chake zimebadilika akazirekebishe polisi, ofisi ya wageni, ndani ya siku 10. Anayechelewa hupewa onyo, na anaweza kutozwa faini isiyozidi yuan 2,000.

Lakini hasara kubwa iko kwenye biashara. Akaunti ya benki imefunguliwa kwa namba ya pasipoti ya zamani. Usiporekebisha, fedha za kulipa kiwanda zinaweza kukwama, na mkulima wa Mbarali aliyetanguliza malipo atavuna mpunga kabla mashine yake haijapakiwa.

Ufanye nini?

Kwanza, anza kushughulikia pasipoti mapema kupitia ubalozi wetu, miezi kadhaa kabla haijaisha.

Pili, omba urudishiwe pasipoti ya zamani hata kama imetobolewa. Usichane wala kubandua ukurasa wenye kibali.

Tatu, nenda kituo cha polisi cha mtaa unaoishi ukaandikishe makazi kwa pasipoti mpya, kisha peleka pasipoti zote mbili, picha na barua ya kampuni yako kwenye ofisi ya wageni.

Nne, usikate tiketi ya ndege wakati huo. Pasipoti hubaki ofisini, nawe unapewa stakabadhi inayokuruhusu kukaa, si kusafiri.

Tano, ukishapata kibali kipya, pitia benki na kampuni ya simu.

Kila nchi ina utaratibu wake. Viza ya Marekani ambayo haijaisha, kwa mfano, haihamishwi. Msafiri hubeba pasipoti zote mbili, ya zamani yenye viza na mpya.

Fungua pasipoti yako leo uangalie tarehe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.