Muhula Mmoja katika Nchi ya Japani

Jioni moja baada ya sala ya Alasiri, watoto walipokwisha kukunja mikeka na kurejesha misahafu mahali pake, alinijia mzee mmoja wa mtaa wetu pamoja na kijana wake, na mkononi ana bahasha. Kijana yule nilimsomesha mimi tangu alifu, na sasa yumo katika mwaka wa tatu wa chuo kikuu. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua isemayo kwamba amechaguliwa kwenda kusoma muhula mmoja Japani, kwa mapatano ya kubadilishana wanafunzi yaliyopo baina ya chuo chake na chuo kikuu kimoja cha huko. Baba akaniambia, "Maalim, leo usiku wa pili sikulala. Niambie aende au asiende."

Nilimjibu kwamba elimu yangu mimi ni ya madrasa na skuli ya msingi, na Japani sikupata kuifikia, na mtu hatoi hukumu juu ya asichokijua. Lakini mtaani petu yuko binti aliyesoma kwangu, ambaye alikaa muhula mzima upande wa Osaka na amerejea kwa salama. Nikatuma mtoto akamwite. Akaja pamoja na mama yake, akatuamkia, nasi tukakaa barazani mpaka karibu na Magharibi. Haya niyaandikayo ni aliyotueleza, na mengine niliyoyasoma na kuyauliza baadaye. Nimeona yafaa kuyaandika kwa kuwa barua kama ile siku hizi huingia katika nyumba nyingi, na wazazi aghalabu huijibu kwa khofu tupu au kwa fakhari tupu. Wako pia wapendao kuitaja Uchina kila inapozungumzwa safari ya elimu. Mapokezi hayo wanavyuoni wa hadithi wameyadhoofisha, na kwa hakika hatuna haja nayo.

Mwanafunzi wa mabadilishano hahamii. Jina lake hubaki katika chuo cha kwao, na ada ya masomo huilipa kwao. Chuo cha Japani hakimtozi. Walakini nauli, kodi ya chumba, chakula na bima ni juu yake, ila akipata msaada wa fedha, na si wote waupatao. Mzazi asisome maneno "hakuna ada" akadhani hakuna gharama. Mwaka wa masomo huko huanza Aprili: muhula wa kwanza hufika mwisho wa Julai au mwanzo wa Agosti, na wa pili huanza mwisho wa Septemba au Oktoba hata Januari au Februari. Kipindi kimoja aghalabu ni dakika 90, na muhula ni majuma kama 15, basi aliyekosa majuma mawili amekosa sehemu isiyo ndogo, na mahudhurio huhisabiwa. Chuo chenyewe ndicho kimwombeacho cheti cha kustahiki kukaa kutoka idara ya uhamiaji ya Japani, nacho huweza kuchukua mwezi mmoja hata mitatu. Kisha ndipo apeleke ubalozini kuombea viza. Akishuka katika uwanja mkubwa wa ndege hupewa kadi ya ukaazi, na akisha kupata makao hana budi kujiandikisha katika ofisi ya mji ndani ya siku 14. Akaaye zaidi ya miezi mitatu huingia katika bima ya afya ya taifa, na akiugua hulipa sehemu 30 katika 100 ya gharama ya matibabu.

Kijana aliuliza khabari ya lugha. Binti akacheka, akasema kuisema si taabu: Kijapani kina irabu tano, zile zile zetu, na silabi zake karibu zote humalizikia kwa irabu. Taabu ni maandishi. Ziko herufi za silabi za namna mbili, kila namna ina 46 za msingi, kisha ziko alama zilizotoka Uchina, na zilizowekwa na serikali kwa matumizi ya kawaida ni 2,136. Hapana awezaye kuzimaliza kwa muhula mmoja. Yeye alizishika zile za silabi zote na za Kichina kiasi cha mia mbili, kwa kuandika na kurudia, kuandika na kurudia. Wenziwe kutoka Ulaya waliinung'unikia njia ile, bali yeye aliiona kuwa ni ile ile ya ubao na wino. Nilifurahi kuyasikia hayo, wala sikuficha furaha yangu.

Ama sala, mwendaji ajue kwamba huko mambo hugeuka. Sisi wa pwani hii Makka iko kaskazini yetu, hata wazee wakiuita upande wa kaskazini kibula. Japani kibla iko magharibi, kwa kupanda kaskazini kidogo. Nyakati nazo hazituami kama zetu. Mwezi wa Juni pale Osaka alfajiri huingia karibu saa tisa za usiku, jua huzama saa moja na robo, na Isha ni kiasi cha saa tatu. Basi baina ya Isha na Alfajiri hapana ila saa sita za kulala, na asubuhi kuna darasa. Ramadhani ya mwaka 2016 iliangukia mwezi huo, na waliokuwako walifunga saa zaidi ya 16. Disemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na Alasiri na Magharibi huangukia katikati ya masomo. Na hapa nitie neno langu mwenyewe, kwa kuwa nimelisikia kosa hili zaidi ya mara moja: wako wanafunzi wasalio kasiri muhula mzima wakidhani wao ni wasafiri. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, mtu aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, safari yake imekatika tangu alipofika. Husali rakaa zote, na hufunga kama mkaazi.

Sasa nifike kwenye chakula. Japani ni nchi ya wali na samaki, na mtu wa pwani akisikia hivyo hujiona amefika kwao. Hata pweza wanamla. Humkata vipande, wakavitia ndani ya vidonge vya unga wa ngano vya mviringo, mfano wa vitumbua. Katika madhehebu yetu viumbe vya bahari havina neno. Neno liko katika kiungo. Michuzi yao mingi hutiwa mirin, nayo ni mvinyo mtamu wa mchele; mchuzi wa soya mwingine huongezwa alkoholi; na mikate na biskuti huweza kuwa na mafuta ya nguruwe. Yaliyomo huandikwa juu ya pakiti, lakini kwa maandishi yale niliyoyataja.

Binti alipofika, majuma matatu alikula wali mtupu, mayai ya kuchemsha na ndizi. Kila mchana alikwenda katika mkahawa wa chuo, akapita mbele ya sahani zote, akazitazama, akachukua bakuli la wali akakaa. Nikamwuliza, "Mbona hukuuliza, mwanangu?" Akainamisha macho akasema, "Niliona haya, Maalim. Tulifundishwa kwamba mgeni hachagui chakula cha mwenyeji."

Nilinyamaza, kwa sababu aliyemfundisha ni mimi. Maneno hayo nimeyasema katika madrasa hii miaka mingi, na kwa nyumba za hapa kwetu ni maneno mema: mwenyeji wetu ni Mwislamu, chungu chake twakijua, na kuchagua ni kumvunjia heshima. Sikupata kuyafikiri kwa mtoto aliye peke yake mahali ambapo mwenyeji hajui kwamba kiko kitu asichokila. Wajapani nao wana adabu yao, nayo ni kutomwingilia mtu katika mambo yake. Walimwona anakula wali mtupu, wakadhani ndivyo apendavyo, na kumwuliza wakaona ni kumfedhehesha. Haya mbili zilikutana, na baina yake binti akapungua kilo nne.

Juma la nne mwanafunzi mwenziwe, msichana kutoka Indonesia, alimshika mkono akampeleka kwa mpishi. Mpishi alitoa chupa zake zote, akaziweka mezani moja moja, akasoma kila karatasi, akatenga zenye mvinyo upande huu na zisizo nao upande huu. Kisha akasema kwamba siku akitaka samaki amwambie kabla ya saa nne asubuhi, naye atamchomea kwa chumvi peke yake. Na akauliza, kwa upole, kwa nini hakuambiwa siku ya kwanza. Baadhi ya vyuo vikuu vya Japani vina vyakula vya halali katika mikahawa yao, na katika miji mikubwa yako maduka yauzayo kuku wa halali waliogandishwa, wengi wakitoka Brazil. Lakini hata penye hayo yote, asiyeuliza hatayaona.

Tangu siku ile, asema, alianza kusema mapema, na akaona kwamba nchi ile karibu kila kitu hupangwa kabla ya siku yake, na anayetoa khabari mapema hutafutiwa njia, bali anayekuja na haja yake saa ile ile huwatia watu wote katika dhiki. Alimwendea mwalimu wa kipindi cha Ijumaa mchana juma la kwanza la Mei, naye akamruhusu kuhamia kundi la Alhamisi. Alipoalikwa karamu za usiku ambako hunywewa pombe aliomba radhi mapema, na wenziwe wakafanya siku nyingine ya chai mchana. Miguu ya udhu ndiyo iliyomfanya acheke alipotuhadithia. Siku moja alikuwa amesimama mguu mmoja, wa pili umo ndani ya beseni la kunawia, akaingia mama mzee afanyaye usafi, akashtuka, akadhani ameumia. Binti akamweleza kwa Kijapani chake kidogo. Kesho yake akakuta kimewekwa kigoda, na ndoo ndogo, na kitambaa kikavu kimekunjwa. Kwa jambo la istinja, Wajapani wametutangulia: vyoo vyao vingi vina bomba la maji ya kutawaza, na wakati wa baridi maji huwa ya moto. Wasafiri wetu waliokwenda Ulaya na makopo yao mizigoni watanielewa.

Jambo jingine lilimshangaza. Chuo Kikuu cha Osaka kinasomesha Kiswahili kama somo kamili la shahada, katika skuli yake ya lugha za kigeni, ambayo hapo zamani ilikuwa chuo kikuu mbali mpaka ilipounganishwa nacho mwaka 2007. Wanafunzi wa huko walisikia kwamba yuko Mswahili karibu, wakamtafuta. Kijana mmoja rika lake akainama akamwambia, "Shikamoo." Ikabidi amfundishe kwamba hiyo ni ya wakubwa. Kila Jumatano wakawa wanakutana, yeye akiwasahihishia insha, nao wakimsomea barua za ofisi ya mji. Asema huko ndiko alikoanza kuipenda kanuni ya lugha yake mwenyewe, kwa kuwa walimwuliza mambo ya ngeli ambayo hakuwa na jibu lake.

Msikiti alisali wa Kobe, ambao kutoka Osaka ni kiasi cha nusu saa kwa treni. Ulifunguliwa mwaka 1935 kwa mali ya wafanya biashara wa Kihindi na Kitatari. Mabomu ya mwaka 1945 yaliuteketeza mji pande zote nao ukabaki umesimama, na tetemeko la Januari 1995, lililoua watu zaidi ya 6,000, halikuuangusha. Wa Tokyo ulijengwa 1938, ukabomolewa 1986 kwa uchakavu, ukajengwa upya na kufunguliwa mwaka 2000. Nao Waislamu wa Kijapani wapo: Umar Mita, aliyezaliwa na kukua huko, aliitoa tafsiri yake ya maana ya Qurani kwa Kijapani mwaka 1972.

Hapo mzee, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza lile lililokuwa likimkosesha usingizi. "Na akifikwa na mauti huko?" Mama wa binti akatazama chini. Sikuona vyema kumficha. Wajapani huchoma maiti zao, zaidi ya 99 katika kila 100, na makaburi ya Waislamu ni mahali pachache katika nchi nzima. Wako walioomba ardhi ya kuzikia wakapingwa na majirani. Jamaa za misikiti huosha na kuzika mwenzao, na hilo ni kheri kubwa, lakini mahali huwa mbali. Basi mwanafunzi kabla ya kuondoka akate bima itakayolipa kumrejesha kwao akiwa hai au maiti, aandike jina na simu ya msikiti ulio karibu naye, na karatasi hiyo aiache nyumbani na nakala ofisini kwa chuo. Binti akasema yeye alifanya hivyo juma lake la mwisho, kwa kuwa hapana aliyemwambia mwanzo.

Mzee akavuta pumzi. Kisha akamwambia mwanawe amwonyeshe binti karatasi zilizokuja pamoja na ile barua. Alizipitia moja moja, mpaka akafika kwenye fomu ya bweni, akaweka kidole juu ya mstari mmoja ulioachwa wazi. Mstari ule wauliza kama mwanafunzi ana chakula asichokila, au haja yoyote ya ibada.

"Mbona hapa hukuandika kitu?" akamwuliza.

Kijana akasema aliogopa wasije wakamwona ni mtu wa matata, wakampa nafasi mwingine.

Baba yake akatoa kalamu mfukoni, akampa. Fomu ile ilitakiwa irudi kabla ya Ijumaa.