Mkopo wa Msomi na Mzigo wa Kijana
Ifakara, mji wa mpunga katika bonde la mto Kilombero, una chuo cha tiba cha Mtakatifu Fransisko. Wanafunzi wa vyuo kama hicho, wengi wakiwa watoto wa wakulima, hutegemea Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004.

Hatupingi mkopo kulipwa. Aliyekopa hana budi kurejesha, ili wadogo zake nao wapate. Lakini sheria ya mwaka 2016 ilipandisha makato kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi. Kijana wa kiume anayeanza kazi hukatwa kiasi hicho huku nyumbani akingojewa kwa mahari, karo ya wadogo na bati za kuezekea nyumba ya mama. Akisema yamemzidi, huambiwa mwanamume halalamiki! Hilo hatulikubali hata kidogo.

Mwaka 2021 Serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, twaipongeza. Sasa twaomba makato yapimwe kwa ukubwa wa mshahara. Vijana wanaotetea haki za wanaume nao wasiwatenge dada zao, maana hukatwa vilevile. Na ndugu zetu wa Visiwani, wenye Bodi yao tangu 2011, walitazame jambo hili kwao pia.