Istilahi za Mapigo ya Prosesa

Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, imekwisha thibitika kwamba Kiswahili chaweza kuitumikia kompyuta. Hata hivyo, kufasiri menyu ni kazi nyepesi kuliko kufasiri taarifa za hitilafu. Neno baya katika menyu humchelewesha mtumiaji. Katika taarifa ya hitilafu humtuma atengeneze kitu kizima. Madhumuni ya makala haya ni kufafanua istilahi za sehemu moja ya Linux inayowatatiza wengi, yaani urekebishaji wa mapigo ya prosesa.

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo ya saa yake. Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Ikiendeshwa kwa kasi ya juu wakati wote, hutumia umeme mwingi na kupata joto. Kwa hiyo Linux hupandisha na kushusha mapigo kwa kadiri ya kazi, kama vile mkulima wa Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru, anavyofungulia maji ya mfereji kwa kadiri ya haja ya shamba. Hapa pana mambo mawili: uamuzi wa kiasi cha maji, na mkono unaofungua lango. Uamuzi ni kazi ya kidhibiti. Mkono ni programu endeshi.

Wako wanaopendelea neno masafa badala ya mapigo. Neno hilo limezoeleka redioni, lakini pia lina maana ya umbali, na mwanafunzi huweza kupotea. Vilevile neno gavana humkumbusha msomaji Benki Kuu. Kidhibiti ni bora, ila ifahamike kwamba kidhibiti mwendo cha basi huzuia tu kupita kiwango, ilhali hiki huchagua kiwango chenyewe.

Hitilafu zinazotokea mara kwa mara ni tatu. Kwanza, mfumo husema hakuna programu endeshi. Yafaa kutazama mipangilio ya BIOS, kwani huenda urekebishaji umezimwa humo. Ikiwa kompyuta ni pepe, si ajabu kukosa programu hiyo, maana mapigo huamuliwa na mashine inayoibeba. Pili, kidhibiti kilichoombwa hukataliwa. Dawa ni kusoma kwanza orodha ya vilivyopo: programu endeshi intel_pstate, ikiwa katika hali yake tendaji, hutoa viwili tu, performance na powersave, anayeomba ondemand atakataliwa, na prosesa yake haina kasoro. Tatu, mtumiaji hunyimwa ruhusa. Kubadilisha kidhibiti ni haki ya msimamizi wa mfumo, na amri hutolewa kwa mamlaka yake.

Mtego mkubwa zaidi kwa mfasiri umo katika jina powersave. Chini ya acpi-cpufreq, kidhibiti hicho hushikilia mapigo ya chini kabisa yanayoruhusiwa. Chini ya intel_pstate katika hali tendaji, jina hilohilo huacha mapigo yapande kazi inapozidi. Mfasiri akiandika kwamba kidhibiti hiki hushusha mapigo daima, mwalimu atakayeona mapigo yakipanda atadhani kompyuta ni mbovu, na huenda shule ikagharamia fundi bure.

Kwa hiyo yapendekezwa majina ya vidhibiti yasifasiriwe ndani ya amri, kwa kuwa kompyuta haitayatambua. Maelezo yake yafasiriwe kando, na jina la programu endeshi litajwe kila mara. Istilahi nzuri haitoshi kufanana na neno la asili. Sharti imwoneshe mtumiaji mahali pa kutazama.