Steelers na drafti: bora kuliko zote, mbaya kuliko zote

Kati ya klabu 32 za NFL, ligi kuu ya soka la Kimarekani, hakuna iliyowahi kufanya drafti kama waliyoifanya Pittsburgh Steelers Januari 1974, na sioni itakayoifikia. Mimi ni shabiki wao na sifichi. Lakini kwa hili hata shabiki wa Cleveland, mahasimu wetu wakubwa, atakubali: wachezaji wapya watano walioingia klabuni mwaka ule mmoja leo wote wamo katika Jumba la Magwiji kule Canton, Ohio.

Kwa msomaji aliyezoea tetesi za usajili wa Simba na Yanga, drafti inataka maelezo kidogo. Vijana wanaomaliza kucheza vyuoni hawaendi kwa anayetoa dau kubwa. Klabu huwachagua kwa zamu: iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita huanza, bingwa humalizia, kisha raundi ya pili inaanza kwa mtindo huohuo. Siku hizi raundi ni 7. Mwaka 1974 zilikuwa 17. Klabu inaweza kuuza zamu yake au kubadilishana na nyingine, lakini haiwezi kumnunua kijana moja kwa moja. Tajiri na maskini wanategemea kitu kilekile, jicho la maskauti wao.

Jina kubwa kuliko yote

Drafti ya kwanza ilifanyika Philadelphia, Februari 1936. Klabu yetu, ambayo wakati huo ikiitwa Pirates, ilipewa zamu ya tatu. Mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa katika historia yake aliitwa William Shakespeare, kutoka Chuo Kikuu cha Notre Dame. Hakucheza mechi hata moja ya NFL.

Kosa kubwa kuliko yote

Mashabiki wengi watakutajia Dan Marino. Alizaliwa Pittsburgh, akasoma na kucheza Chuo Kikuu cha Pittsburgh, na mwaka 1983 alikuwa bado hajachukuliwa zamu ya Steelers ilipofika, ya 21. Wakamchagua mlinzi Gabe Rivera. Marino akaenda Miami katika nafasi ya 27 na kuwa mmoja wa wapiga pasi wakubwa kuliko wote. Rivera alipata ajali ya gari msimu ule ule wa kwanza akapooza. Kwa heshima yake, mimi siwezi kuliita lile kosa kubwa kuliko yote. Ulikuwa uamuzi wa kawaida uliofuatwa na msiba.

Kosa lenyewe ni la 1955. Raundi ya 9, Steelers walimchagua mpiga pasi Johnny Unitas, naye kijana wa Pittsburgh. Jicho lilikuwa limeona sawasawa. Kisha kocha akamwacha kabla ligi haijaanza, bila kumpa hata dakika moja katika mechi za maandalizi. Baltimore Colts wakamwokota, na akawapa ubingwa wa 1958 na 1959. Kumkosa mchezaji mkubwa ni jambo linalomkuta kila skauti. Kumpata, kumweka benchi, kisha kumfungulia mlango aondoke ni ugonjwa, na klabu yetu iliugua ugonjwa huo kwa miaka mingi. Mwaka 1957 walimchukua mpiga pasi Len Dawson katika nafasi ya 5. Cleveland, waliofuata, wakamchukua Jim Brown, aliyekuja kuwa gwiji. Dawson naye hakupewa nafasi ya kutosha Pittsburgh, akaja kuwa bingwa akiwa na Kansas City.

Usajili bora kuliko wote haukuwa wa mchezaji

Bill Nunn alikuwa mwandishi wa michezo na baadaye mhariri wa Pittsburgh Courier, gazeti la Wamarekani weusi. Kila mwaka gazeti hilo lilitoa kikosi cha wachezaji bora wa vyuo vya watu weusi, na ili kukipanga Nunn alisafiri, akakaa na makocha, akawajua vijana kwa majina na kwa tabia. Maskauti wengi wa NFL hawakufika huko, au walipita haraka tu. Nunn aliwaambia Steelers waziwazi kwamba hakupendezwa na jinsi walivyokuwa wakiwapuuza watu wake. Dan Rooney, mtoto wa mwenye klabu, alimwita wazungumze. Mwaka 1967 Nunn akaanza kazi ya muda ya uskauti, na mwaka 1969, mwaka ule ule alioajiriwa kocha Chuck Noll, akawa mwajiriwa kamili.

Tazama kilichofuata. L.C. Greenwood alitoka Arkansas AM&N, raundi ya 10, mwaka 1969. Mel Blount wa Chuo Kikuu cha Southern akaja raundi ya 3, mwaka 1970. Ernie Holmes wa Texas Southern, raundi ya 8, mwaka 1971. Hawa ndio waliokuwa ukuta wa timu iliyotwaa Super Bowl, fainali ya ligi, mara nne ndani ya misimu sita. Klabu nyingine ziliwaacha raundi kwa raundi kwa sababu hazikuwajua.

Kusubiri kwa ujasiri kuliko kote

Nirudi sasa 1974. Mpokeaji John Stallworth alikuwa akisoma Alabama A&M. Maskauti wa klabu kadhaa walikwenda kumpima mbio za yadi 40, kama mita 37. Uwanja ulikuwa umelowa, muda wake haukupendeza, wakaandika walichoandika, wakaondoka pamoja kwenda chuo kingine. Nunn alisema anaumwa, akabaki. Kesho yake akampeleka Stallworth mahali pakavu, akampima upya. Saa ikaonyesha kijana mwingine kabisa. Tena filamu ya mechi zake, iliyopaswa kuzunguka kwa klabu nyingine, ikabaki Pittsburgh.

Noll alipoiona filamu hiyo alitaka kumchukua Stallworth raundi ya kwanza, basi. Maskauti wake wakamsihi asubiri: klabu nyingine hazimjui kijana huyu kama sisi, tumchukue Lynn Swann kwanza. Noll akakubali. Swann akachukuliwa nafasi ya 21. Raundi ya pili akaja Jack Lambert wa Kent State, nafasi ya 46, ambaye wengi walimwona mwembamba mno kucheza katikati ya ulinzi. Inasimuliwa kuwa skauti alipokwenda kumtazama, uwanja ulikuwa na matope, timu ikafanya mazoezi kwenye maegesho ya magari yenye changarawe; Lambert akajirusha kumkaba mwenzake, akainuka, akawa anachomoa vijiwe mkononi huku akirudi mstarini.

Raundi ya tatu Steelers hawakuwa na zamu, walikuwa wameshaiuza. Fikiria kukaa chumbani mle, majina yanasomwa moja baada ya jingine, na kocha wako anajua kwamba lolote likitokea ni kwa sababu mlimshauri asubiri. Jina la Stallworth halikusomwa. Raundi ya nne, nafasi ya 82, wakampata. Raundi ya tano, nafasi ya 125, wakamchukua senta Mike Webster wa Wisconsin. Mwisho wa yote yalisomwa majina 442, na la Donnie Shell wa South Carolina State halikuwamo. Nunn alimjua, Shell akasaini Pittsburgh kama mchezaji huru. Alistaafu akiwa amenasa pasi 51 za wapinzani.

Bahati nayo ilisaidia, niseme kweli. Kiangazi kile wachezaji wakongwe walikuwa kwenye mgomo, kwa hiyo vijana walipata kambini muda ambao mwaka mwingine wasingeupata. Lakini timu nyingine 25 zilipata muda huohuo. Tarehe 12 Januari 1975, kule New Orleans, Steelers waliwafunga Minnesota Vikings 16–6. Lilikuwa taji la kwanza la klabu iliyoanzishwa 1933.

Wanaokaribia rekodi hii ya magwiji watano wa mwaka mmoja ni Green Bay wa 1958 na Dallas wa 1964, kila klabu ikiwa na magwiji watatu.

Gharama kubwa kuliko zote

Sitaki kulitaja kundi hili kwa shangwe tu. Webster alicheza mechi 220 akiwa Pittsburgh kwa misimu 15, akigonga kichwa karibu kila mpira ulipoanza. Alifariki 2002 akiwa na miaka 50, baada ya miaka ya kuchanganyikiwa na kuhangaika. Daktari aliyechunguza ubongo wake, mjini Pittsburgh hapohapo, alikuwa Bennet Omalu kutoka Nigeria. Alichokiona ndicho kilichoilazimisha ligi nzima kuzungumzia madhara ya kugongwa kichwa. Shabiki anayemhesabu Webster kati ya chaguo bora za historia anapaswa kulijua na hili.

Na siku hizi?

Steelers bado ni watu wa kukuza wao wenyewe. Kikosi kilichotwaa taji la msimu wa 1979 hakikuwa na mchezaji hata mmoja aliyewahi kuichezea klabu nyingine ya NFL. Kwa sheria za sasa za mikataba hilo halirudi tena. Lakini Antonio Brown, aliyechukuliwa nafasi ya 195 mwaka 2010, alidaka pasi 100 au zaidi kwa misimu sita mfululizo, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake. T.J. Watt alikuja nafasi ya 30 mwaka 2017, na mwaka 2021 akaifikia rekodi ya Michael Strahan ya kuwaangusha wapiga pasi mara 22.5 katika msimu mmoja. Kupanda foleni, yaani kubadilishana ili kupata zamu ya mapema, kwa gharama kubwa kulitupa Troy Polamalu mwaka 2003, ndiyo, lakini mwaka 2019 tulipanda kutoka nafasi ya 20 hadi ya 10 kumfuata Devin Bush, na haikulipa. Kwangu, Polamalu ndiye wa kipekee; Bush ndiye onyo.

Nunn alifariki 2014, na mwaka 2021 akaingizwa katika Jumba la Magwiji, miaka 47 baada ya kujidai mgonjwa kule Alabama.

Kwa hiyo, msomaji, kama unataka kuitazama drafti kwa mara ya kwanza, si lazima ukeshe. Raundi ya kwanza huanza saa tisa usiku kwa saa za Afrika Mashariki, na wengi wetu hukesha kisha tunaenda kazini na macho mekundu. Subiri Jumamosi, saa moja jioni, raundi ya nne inapoanza. Stallworth alitoka raundi ya nne, Webster ya tano, Brown ya sita. Hapo ndipo utakapowaona Steelers kazini.